Baga tupu: nimekula ya McDonald's, Burger King, Wendy's, White Castle na In-N-Out, sasa nipo Mtwara na neno la kusema

Baharia wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ntwara kuchele!

Juzi usiku nilikuwa nakula mishikaki pale Bima, hapa hapa mjini Mtwara. Pembeni yangu vijana wanne wanabishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka: baga ya kampuni gani kali, McDonald's au Burger King? Nikawasikiliza weee. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitia mdomoni. McDonald's yenyewe Tanzania haipo, Afrika unaikuta nchi za kuhesabu, kama Misri, Moroko na Afrika Kusini. Ugomvi wote ule umetoka kwenye simu. Nikalipa, nikaondoka. Ila usingizi umegoma, ndiyo maana mnaniona hapa saa nane ya usiku.

Nimekaa baharini miaka tisa, msaidizi wa mpishi kwenye meli za makontena. Meli ikifunga gati tukapewa saa chache za kushuka, wenzangu walikimbilia viatu na simu. Mimi natafuta baga. Na siyo zile ndefu za kwenye picha ukutani. Naagiza ile ya mwisho kabisa kwenye orodha, ya bei ya chini kuliko zote: mkate, kipande kimoja cha nyama, basi. Naiita baga tupu. Mpishi wetu mkuu, Mfilipino mmoja mkali kama pilipili kichaa, alinifundisha kwamba jiko linapimwa kwa chakula chake cha bei ndogo. Na huku ni hivyo hivyo. Mama ntilie humpimi kwa pilau ya Ijumaa, unampima kwa wali maharage wa Jumanne.

Nianze na McDonald's ya Durban. Unafungua karatasi unakuta kitu kidogo, unacheka. Nyama nyembamba, mviringo, na wembamba wenyewe ni wa makusudi: wanatoa vipande kumi kwenye ratili moja, yaani kama gramu 45 kila kimoja kabla hakijagusa moto. Juu yake kechapu, haradali, vipande vya tango la siki, na vitunguu vilivyokatwa vidogo kama chenga za mchele. Mkate umepashwa upande wa ndani tu. Uking'ata, vyote vinafika mdomoni pamoja, hakuna kinachomtangulia mwenzake. Nilikula nimesimama, nikarudi kwenye foleni.

Burger King nilikula Rotterdam. Vikorombwezo karibu ni vile vile, ila nyama yao haikai kwenye bamba la chuma, inapitishwa juu ya moto wa wazi. Kwa hiyo kuna harufu ya moshi. Sisi tuliolelewa na moshi wa mkaa hatuhitaji kuelezwa. Wale vijana wa Bima, kwa ulimi wao wa mishikaki, nadhani wangempa huyu ushindi.

Wendy's ni New Jersey, Marekani. Nyama ya mraba kwenye mkate wa mviringo! Pembe zimechungulia nje. Aliyeanzisha, Dave Thomas, alifungua duka la kwanza Columbus, Ohio, mwaka 1969, na mpaka leo kwao wanajinadi kwa nyama ambayo haijagandishwa. Mwaka 1984 walikuwa na tangazo la televisheni, bibi kizee anakodolea mkate mkubwa wenye kipande kidogo cha nyama anauliza nyama iko wapi. Nchi nzima ikashika maneno yake. Zile pembe zina maana: unaonja nyama kabla ya mkate.

In-N-Out niliipata Long Beach, California. Tamu, sibishi. Viazi vya chipsi wanakata palepale dukani. Lakini hata ile ya chini kabisa inakuja na saladi, nyanya na sosi yao, sasa mimi utupu wake siuoni. Ni kama mtu anakwambia chai kavu halafu kuna kitumbua kwenye kisahani.

Nimeiacha White Castle mwisho kwa sababu ndiyo imenikalisha macho. Hawa ndio wakongwe, Wichita, Kansas, mwaka 1921, baga senti tano. Wakati ule watu waliogopa nyama ya kusaga, hawajui imesagwa nini, ndiyo maana wakajenga vibanda vyeupe pee na kupikia mbele ya mteja. Baga zenyewe vidogo, mraba, unakula nne ndipo uanze kuhesabu. Kila kipande cha nyama kina matundu matano. Kinalazwa juu ya vitunguu kwenye bamba la moto, mkate unawekwa juu yake, mvuke unapanda kupitia yale matundu. Hakigeuzwi. Nilisimama nje ya dirisha lao nikitazama mkate unavyolegea taratibu, kama kitambaa kilichoangukia maji ya moto. Ukiushika vidole vinazama. Ndani umenywa kitunguu chote.

Pale ndipo nilipojua. Baga ni mkate, wakuu. Nyama kila mtu anayo.

Na ndipo baga zetu za Mtwara zinapoanguka. Tunashindana kupandisha ghorofa: yai, soseji, kabichi, mayonezi, chizi, nyanya nene kama kigae. Chini ya yote kuna mkate mkavu wa juzi unaopukutika kwenye shati. Mnisute.

Kuchele Damu

Bila picha huu ni uongo, chai ya rangi na tangawizi.

Baharia wa Shangani

Simu yangu ya miaka ile ilizama bandari ya Colombo. Najua hilo nalo ni chai, lakini ndiyo lililonikuta.

Mwali wa Mikindani

Kaka Baharia, shikamoo kwanza. Nina shangazi yangu hapa Mikindani, nilimletea baga siku ya Idi akaikataa hata kuishika. Anasema jina lake kamili, hambaga, linataja "hamu", na hamu kwa Wazungu ni nguruwe. Nimebishana naye nikashindwa. Nimjibu nini?

Baharia wa Shangani

Marahaba mdogo wangu. Mwambie shangazi jina limetoka mji wa Hamburg, Ujerumani, mji wa bandari kama wetu, tofauti yao wana pesa. Wahamiaji wa Kijerumani walikwenda Marekani na desturi ya kula nyama ya ng'ombe iliyosagwa, watu wakaiita kwa jina la mji. Baadaye Wamarekani wenyewe wakalikata neno vibaya, wakadhani "burger" ndiyo chakula na "ham" ndiyo aina. Sisi tumechukua kipande kilichobaki tukasema baga. Nyama ni ng'ombe.

Ila kuhusu halali, hapo shangazi ana haki. Ng'ombe kuwa ng'ombe hakutoshi, kuna aliyemchinja. Mimi nje nilikuwa nauliza kabla sijatoa hela, na nikikosa jibu nakula samaki. Kwa bucha zetu hapa, hana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Korosho Ghafi

Gramu 45?? Mzee, hiyo nyama au stempu? Kwa hela yangu nakwenda feri nachukua pweza, nakula nashiba, narudi kwa miguu. Au chipsi mayai. Au ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na pilipili ya ndimu, mama ananifungia kwenye gazeti. Hivi kweli mtu mzima anapanga foleni Durban kwa gramu 45?

Halafu uliposema mkate mkavu nimekumbuka kisanga. Mwaka jana nilimpeleka mchumba sehemu moja hapa mjini, siitaji. Baga elfu saba. Ile ya kwangu kuing'ata nusu, katikati nyekundu na ya baridi kama imetoka kwenye friji. Mchumba akaniambia huko Ulaya ndivyo wanavyokula. Nikaila kwa aibu. Usiku huo, wakuu, choo nilikiona kirefu.

Baharia wa Shangani

Pole sana. Tulia hapa kidogo, jambo hili si la utani.

Kipande kizima cha nyama, kama mshikaki au steki, wadudu wanakaa juu. Moto ukigusa nje wamekwisha, ndani ikiwa nyekundu kidogo hakuna neno. Ukishaisaga nyama ile ya nje umeichanganya na ya ndani. Kwa hiyo baga inatakiwa iive mpaka katikati, Wamarekani wanasema nyuzi 71 za Selsiasi. Hawakuamka tu wakasema. Mwaka 1993 kwao baga ambazo hazikuiva ziliua watoto wanne na kuugulisha watu mamia, ndipo wakakaza masharti. Sasa mchumba asikudanganye. Nyekundu rudisha jikoni, hata kama umevaa suti.

Na hiyo ni faida nyingine ya nyama nyembamba unayoicheka. Gramu 45 haina mahali pa kuficha ubichi. Dakika mbili imeiva kotekote. Anayepika kipande kinene cha robo kilo juu ya moto mkali anachoma nje, ndani bado kunalia moo.

Halafu hesabu. Kilo moja ya nyama ya kusaga ukiigawa kwa gramu 45 unapata vipande 22. Kilo ukinunua elfu kumi na moja, kila baga ina nyama ya shilingi mia tano. Mkate tuseme mia tatu. Elfu saba inatoka wapi?

Muuza Chipsi Ligula

Nimesoma kimya kimya mpaka mlipofika kwenye elfu saba. Sasa naomba nami niseme, maana mnanisema mimi.

Inatoka kwenye mkaa. Inatoka kwenye mafuta, kwenye umeme ukikatika friji ikayeyuka, kwenye kodi ya fremu, kwenye kijana anayemenya viazi ambaye leo kaja kesho kaenda shamba kuokota korosho. Inatoka kwenye baga nne ulizoandaa na mvua ikanyesha wateja wakalala. Hao wa Durban wanauza ngapi kwa siku? Mimi nikiuza nane nimefunga kwa shangwe.

Na baga tupu nilishajaribu, usidhani sijajaribu. Mteja anaifungua, anainua kifuniko, ananitazama. "Bosi, nyingine iko wapi?" Mtu wa Mtwara akitoa hela anataka kuona mlima. Yai lazima. Soseji lazima. Usipoweka anakwenda kwa jirani na anakutangaza.

Baharia wa Shangani

Mkuu, heshima yako. Sikuwa nakusema wewe, na hilo la mlima nakubaliana nalo. Lakini sikiliza jinsi hao wakubwa walivyoanza, maana na wao walikuwa na kibanda.

Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mgahawa San Bernardino, California, tangu 1940. Orodha ndefu, wahudumu wanakimbilia magari, sahani zinaibiwa. Hela wanaipata, lakini wamechoka. Mwaka 1948 wakafunga. Walipofungua tena walikuwa wamefyeka orodha, vimebaki vitu tisa. Hakuna sahani, hakuna uma. Baga senti 15, na yenyewe inakuja na kechapu, haradali, kitunguu na tango la siki, ukitaka vingine subiri. Mwanzoni wateja walinuna kama wako.

Kinachonifurahisha ni jiko. Walichukua chaki wakachora jiko zima kwenye uwanja wa tenisi, ukubwa wake halisi, kama mabinti wanavyochora mistari ya rede mchangani. Wakawaita wafanyakazi, wakawaambia jifanyeni mnapika: wewe geuza nyama, wewe paka haradali, wewe funga. Wanatazama nani anagongana na nani, wanafuta, wanachora upya. Mpaka hakuna anayepiga hatua ya bure. Ndiyo hapo bei ilipotoka. Nyama haikuwa ya miujiza.

Baadaye akaja Ray Kroc, muuza mashine za kuchanganyia maziwa, akashangaa kibanda kimoja kinahitaji mashine nane. Akafungua tawi lake Des Plaines, Illinois, Aprili 15, 1955. Mwaka 1961 akawanunua wale ndugu moja kwa moja kwa dola milioni 2.7.

Korosho Ghafi

Yaani wenye wazo wakauza, mnunuzi wa kati akatajirika. Hiyo hadithi sisi wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba tunaijua kwa moyo, hata bila mkate.

Kuchele Damu

😂😂 Nakaa hapa. Picha bado.

Mama Skonzi, Lindi

Hamjambo wanangu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeguswa. Naoka skonzi hapa Lindi mwaka wa kumi na nne huu, na huyu baharia amesema kweli. Mnanunua mkate wa asubuhi mnaukata jioni, mnautia nyama ya moto, mnashangaa unapukutika. Mkate wa chai na mkate wa baga si mtu na nduguye.

Mkate wa chai unataka uchomvywe. Mkate wa baga unataka ubonyezwe urudi. Unaubana kwa vidole viwili, unaachia, unainuka wenyewe kama godoro jipya. Kinachofanya hivyo ni sukari kidogo, mafuta, yai, na kukanda. Hasa kukanda. Vijana wa siku hizi wanakanda dakika tano wanaangalia simu. Mimi nakanda dakika 15, mpaka nikichukua kidonge nikakivuta kwa vidole kinakuwa chembamba naona mwanga upande wa pili na hakijakatika. Kikikatika, rudi ukande.

Kilo ya unga wa ngano, hamira kijiko kimoja kikubwa, sukari vinne, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, siagi ya kopo vitatu vikubwa, yai moja. Wengine wanatia maziwa. Mimi natia tui la nazi la uvuguvugu, nusu lita. Wazungu hawana hilo, na ukila utajua. Tui lisiwe la moto, utaua hamira ukae unasubiri mpaka magharibi. Funika liumuke, kata madonge 20, yabonyeze kidogo yawe bapa, maana baga haitaki mkate wa kichuguu. Yaumuke tena. Moto juu na chini, mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Yakitoka funika na kitambaa safi yakiwa moto, ganda lilegee.

Na wakati wa kutumia, pasha ndani tu kwenye kikaango kikavu. Ile rangi ya kahawia ndiyo inayozuia mchuzi wa nyama usizame.

Mwali wa Mikindani

Mama, gari la asubuhi kutoka Lindi likija Mtwara naweza kuagiza?

Mama Skonzi, Lindi

Kuanzia ishirini, mwanangu. Kilomita mia na kitu, hazifiki zimelala. Usimwamini tu kondakta na yule anayekaa kiti cha mbele, wananukia skonzi mpaka Mingoyo.

Muuza Chipsi Ligula

Mama nitakutafuta. Baharia, haya, mkate nimeelewa. Nyama sasa. Ninayo tawa ya chapati na jiko la mkaa, sina hayo mabamba ya New Jersey.

Baharia wa Shangani

Tawa inatosha, tena ya chuma kizito ndiyo yenyewe. Buchani usiombe steki tupu, itakauka. Omba kidari, kwenye kilo moja kiasi cha gramu 200 ziwe mafuta, na asage mbele yako. Usitie yai. Usitie chenga za mkate, vitunguu saumu wala giligilani, ukitia umepika katlesi, nayo ni tamu lakini ni uzi mwingine. Na chumvi usichanganye ndani kabla, nyama inakaza inakuwa kama soseji. Chumvi unanyunyiza juu, dakika ya mwisho.

Fanya vidonge vya gramu 45, kama vya kababu. Tawa iwe ya moto hadi tone la maji likikimbia. Weka kidonge, kibonyeze kwa chini ya bakuli la bati mara moja, kwa nguvu, kiwe bapa kuliko mkate, kwa sababu kitajikunja. Halafu kiache! Shida yetu ni kugeuzageuza. Kikae mpaka ukingoni kuwe kahawia, kigeuze mara moja tu. Hapo mwagia vitunguu vilivyokatwa vidogo, funika na mkate juu yake uvute mvuke. Huo ndio wizi wangu kutoka White Castle. Tango la siki tengeneza mwenyewe: tango, siki, chumvi, sukari kidogo, usiku mmoja kwenye chupa. Kechapu kidogo, haradali kidogo zaidi. Funga kwenye karatasi dakika moja kabla hujampa mteja. Ile dakika ya karatasi usiiruke, mkate na nyama vinazoeana humo.

Na kwa mteja wa mlima, mpe mbili kwenye sahani moja. Mbili ndogo zinaonekana nyingi kuliko moja kubwa. White Castle wameishi mjini kwa ujanja huo zaidi ya miaka mia.

Korosho Ghafi

Bado nasema pweza.

Baharia wa Shangani

Pweza sijamgusa mimi, msinigombanishe na watu wa feri.

Muuza Chipsi Ligula

Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilichukua skonzi ishirini kwa Mama. Zimefika kumi na tisa, kondakta anasema ndivyo alivyokabidhiwa. Nikafanya kama baharia alivyoandika, mbili kwa elfu tatu, bila yai, bila soseji. Kidonge cha kwanza kilinishikia kwenye tawa nikakikwangua nikala mwenyewe. Cha pili kikatoka.

Mteja wa kwanza alinuna, akainua kifuniko kama kawaida yao. Akang'ata. Akakaa kimya. Akasema, "Hii ndiyo nini?" Nikamwambia baga. Akaniambia baga naijua, hii ndiyo nini? Akachukua mbili nyingine za mke wake. Saa mbili usiku sina kitu. Sijatajirika, na watatu waliondoka kwenda kwa jirani kutafuta yai. Lakini tawa nimeiacha palepale.

Mwali wa Mikindani

Mbili nilichukua mimi. Shangazi kala moja na nusu. Anasema hamu yake imeisha 😂

Kuchele Damu

Hongera mkuu. Sasa picha?

Muuza Chipsi Ligula

Zimeliwa.